Nyumba Moja, Bima Mbili

Uwe bondeni Msangano kwenye majaruba ya mpunga, uwe Kamsamba au Chitete, uwe Tunduma mjini kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, leo nataka tuzungumze juu ya mstari mmoja tu wa karatasi ya benki. Mstari wenyewe ni mfupi: tarehe, kisha maneno "ada ya bima", kisha kiasi kilichokatwa. Wengi wetu tukipewa taarifa ya mkopo tunatazama chini kabisa, palipoandikwa deni lililobaki. Tukishaliona tunakunja karatasi, tunaondoka. Mstari ule wa bima tunaupita. Na wakati mwingine upo mara mbili.

Hoja yangu ya leo ni hii: ukikatwa ada ya bima mara mbili kwa nyumba ileile na kwa kipindi kilekile, ada ya pili haikununulii chochote. Kwa hiyo ukienda kuidai huendi kuomba huruma ya mtu. Unadai chako.

Pengine utauliza jambo hili linaihusu vipi Msangano. Linaihusu sana. Mkulima wa bonde hili akivuna vizuri, magunia yanapanda Tunduma, na fedha yake kubwa ya kwanza huenda kwenye kiwanja. Anajenga pole pole: tofali za kuchoma, bati, vyumba viwili vya kupangisha, fremu ya duka kwa mbele. Baadaye anataka mtaji wa kununua mpunga wakati wa mavuno, au anataka pawatila, au mashine ya kukoboa. Anaingia benki, na kinachoshikwa ni hati ya nyumba ile. Hapo ameweka rehani. Hakukopa ili anunue nyumba, amekopa kwa nyumba aliyoijenga kwa jasho la miaka mingi. Mbele ya sheria rehani ni rehani, na suala la bima linamfuata huko huko.

Tuanze na sheria, maana ndiyo msingi wa dai. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, katika sehemu yake inayohusu rehani, inaweka masharti yanayohesabika kuwa yamo ndani ya mkataba wa rehani. Sharti mojawapo ni kwamba mkopaji ahakikishe, kwa bima au kwa njia nyingine inayofaa, kuwa jengo likiungua fedha ya kulirudisha ipo. Sharti hilo ni la haki. Benki imekukopesha ikitegemea nyumba, na nyumba ikigeuka majivu, dhamana imekwenda. Tumeona moto unavyofanya kazi yake. Soko la Mwanjelwa, hapo Mbeya, liliungua mwaka 2006. Soko Kuu la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021. Anayesema bima haina maana hajawahi kusimama mbele ya jengo linalowaka huku deni lake bado linadaiwa.

Sheria hiyohiyo inaendelea kusema kwamba mkopaji akishindwa kutimiza sharti, mkopeshaji anaweza kutumia fedha za kiasi kinachohitajika kurekebisha kasoro hiyo, kisha akaziongeza kwenye deni. Hapo ndipo benki inapopata nguvu ya kukukatia bima bila wewe kwenda kwa wakala. Lakini nguvu hiyo inatokana na kushindwa kwako. Kama ulikata bima, ukalipa, na bima iko hai, hukushindwa. Na kama hukushindwa, hakuna kasoro ya kurekebisha. Shika hoja hiyo, msikilizaji, kwa sababu ukifika kwenye meza ya afisa mikopo ndiyo itakayokusimamisha.

Sasa mara mbili inatokeaje? Si lazima pawepo mtu mwenye nia mbaya. Njia ya kwanza ni ya kumbukumbu. Ulileta nakala ya hati yako ya bima, ikawekwa kwenye faili, haikuingizwa kwenye mfumo. Mwaka ulipogeuka, mfumo ukaona hakuna bima, ukakata. Njia ya pili ni ya kuongeza mkopo. Umelipa nusu, biashara imechangamka, benki inakuongezea na kufungua mkopo mpya juu ya ule wa zamani. Mkopo mpya unakuja na makato yake yote, bima ikiwemo, wakati ile bima ya kwanza bado ina miezi saba mbele. Njia ya tatu imefunguka zaidi miaka hii ya karibuni. Tangu mwongozo wa mwaka 2019, benki zinaruhusiwa kuwa mawakala wa kampuni za bima. Jambo hilo limesogeza bima karibu na watu, na mimi naliunga mkono. Ila limefanya mtu aliyezoea kukata bima kwa wakala wake wa mtaani akute na benki nayo imemkatia, kila upande ukiwa haujui habari za mwenzake.

Kabla hujaenda kugombana na mtu, hakikisha kweli ni mara mbili. Katika makato ya mkopo huwa kuna bima za aina mbili zinazofanana majina. Moja ni bima ya mkopo, ambayo inahusu uhai wako: ukifariki, au ukipata ulemavu wa kudumu kama mkataba unasema hivyo, kampuni ya bima inalipa deni ili familia isiuziwe nyumba. Nyingine ni bima ya moto na majanga, ambayo inahusu jengo. Hizo ni mbili, lakini hazikurudiwa, kila moja ina kazi yake. Kilichorudiwa ni pale unapokuta bima mbili za jengo, nyumba ileile, tarehe zinazopandana. Ukikutana na mstari ulioandikwa "bima" bila maelezo, uliza ni bima ya nini, ya kampuni gani, namba ya hati ni ipi, inaanza lini na inaisha lini. Maswali hayo ni haki ya mteja, na kila mkopeshaji mwenye leseni anapaswa kuwa na majibu yake.

Na kwa nini nasema ada ya pili haikununulii chochote? Kwa sababu bima ya jengo inafidia hasara, haileti faida. Misingi hiyo tumeirithi kutoka sheria za Uingereza, na kuna kesi ya mwaka 1883 inayoieleza vizuri, kesi ya Castellain dhidi ya Preston. Mwenye nyumba huko Liverpool alikubaliana kuiuza nyumba yake. Kabla mauzo hayajakamilika, moto ukaiharibu. Kampuni ya bima ikamlipa pauni 330. Baadaye mnunuzi naye akamlipa bei yote waliyokubaliana. Mahakama ya Rufani ikasema fedha ya bima irudishwe, kwa kuwa mtu huyu mwishowe hakuwa amepata hasara yoyote. Fidia hailipwi mara mbili.

Ukiwa na bima mbili za jengo moja hali ni hiyohiyo. Tuseme nyumba yako imekatiwa bima ya shilingi milioni 40 kwa kampuni mbili, kila moja milioni 40. Moto unakula jiko na vyumba viwili, hasara inathaminiwa milioni 10. Hutapewa milioni 20. Kampuni zile zitagawana mzigo, tano kwa tano, na wewe utapata milioni 10 zilezile ambazo ungepewa na kampuni moja peke yake. Anayenufaika na ada ya pili ni kampuni ya bima iliyopunguziwa mzigo na mwenzake, pamoja na wakala aliyepata kamisheni. Mwenye nyumba amelipa mara mbili apate kilekile.

Sasa tuhesabu. Tuchukue ada ya shilingi 100,000 kwa mwaka, uongeze kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Inakuwa 118,000. Mkopo wa miaka mitano, ada ya pili ikikatwa kila mwaka, umetoa 590,000. Kama ada ile haikutoka mfukoni bali iliongezwa kwenye deni, nayo inatozwa riba. Kwa riba ya asilimia 18, ada ya mwaka wa kwanza peke yake inazaa 21,240 kwa mwaka. Wewe mwenyewe unajua gunia la mpunga umeliuza kwa bei gani msimu huu. Gawanya, uone ni magunia mangapi yaliyopanda Tunduma kulipia kitu ambacho hakipo.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dai la namna hii linashindwa au linafanikiwa kwa karatasi. Kwa hiyo kusanya hizi: mkataba wa mkopo, hati ya bima uliyokata mwenyewe, risiti ya malipo yake, na taarifa ya mkopo yenye mistari yote. Taarifa iombe kwa kipindi kizima, tangu mkopo ulipotoka. Ikae mezani, uipitie kwa kalamu, uzungushie kila palipoandikwa bima. Kama macho hayaoni vizuri, mwite kijana wa nyumbani aliyesoma akusomee kwa sauti, tarehe na kiasi, tarehe na kiasi. Jambo likirudiwa litasikika.

Kisha hakiki bima yako mwenyewe. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kielektroniki ambako bima halali husajiliwa na inaweza kuhakikiwa kwa namba yake. Fanya hivyo kabla ya kufika benki. Maana iko hatari moja ambayo lazima niiseme wazi: pengine wakala alipokea fedha yako, akakupa karatasi, lakini bima haikuwahi kusajiliwa. Ikiwa hivyo, bima ya benki ndiyo bima pekee uliyonayo, na mtu wa kudaiwa ni wakala yule, si benki. Usije ukafuta bima iliyo hai ukabaki na karatasi tupu.

Angalia pia kama bima yako inakidhi mkataba. Je, kiasi kilichokatiwa bima kinalingana na thamani ya jengo? Je, jina la benki limeandikwa ndani ya hati kama mwenye maslahi katika nyumba? Je, hapakuwa na pengo la tarehe? Kama bima yako iliisha Machi ukaja kuihuisha Juni, benki ina haki ya kudai ada ya miezi ile mitatu uliyokaa wazi. Unachodai ni kile kipindi kilichopandana tu. Ukidai zaidi ya haki yako, unaidhoofisha haki yako.

Ukishajiridhisha, andika barua. Kupiga simu ni vizuri, kufika tawini ni vizuri, lakini maneno ya mdomo hayana tarehe wala mhuri. Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Iandike kwa meneja wa tawi. Taja namba ya akaunti ya mkopo. Sema nyumba iko kiwanja namba fulani, ina bima namba fulani ya kampuni fulani, kuanzia tarehe hii hadi tarehe ile, na kwamba tarehe fulani ulikatwa tena kiasi fulani kwa bima ya jengo hilohilo. Kisha omba mambo manne, na uyapange kwa namba. La kwanza, bima ya pili ifutwe kuanzia siku ilipoanza kupandana na yako. La pili, ada pamoja na kodi yake irudishwe. La tatu, riba yoyote iliyotozwa juu ya ada hiyo iondolewe kwenye deni. La nne, upewe taarifa mpya ya mkopo inayoonyesha marekebisho hayo. Ambatanisha nakala, kamwe usitoe hati halisi. Toa barua nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe mhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe, urudi nayo nyumbani.

Na wakati wote huo, endelea kulipa marejesho. Tafadhali nisikilize hapa. Dawa ya deni ni kulipa, na deni lile la halali bado ni lako. Mtu akikasirika akaacha kulipa kwa sababu ya laki moja ya bima, anaigeuza hoja yake nzuri kuwa kosa. Benki itaacha kuzungumza juu ya bima na itaanza kuzungumza juu ya nyumba. Lipa kwa tarehe, dai kwa barua.

Usipojibiwa, au ukijibiwa jibu lisiloeleweka, panda ngazi. Andika makao makuu ya benki, kitengo cha malalamiko ya wateja, ukiambatanisha ile nakala yenye mhuri. Ikishindikana, nenda Benki Kuu ya Tanzania. Benki Kuu ina kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, na inapokea malalamiko ya wateja ambao wameshalalamika kwanza kwenye benki yao wasiridhike. Watu wa mkoa wetu huu wa Songwe hatuna haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam au Dodoma, tawi la Benki Kuu lipo Mbeya. Kama aliyekukopesha ni kampuni ya mikopo isiyopokea amana, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeiweka chini ya Benki Kuu vilevile. Kama ni SACCOS, mlango wako ni Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na kama ugomvi ni na kampuni ya bima yenyewe, imekataa kufuta au kurudisha, nenda TIRA, ambao nao wana ofisi ya kanda Mbeya, au kwenye Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoanzishwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Asiyejua kuandika barua awaone wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, na kazi yao ni hiyo.

Msikilizaji, jambo hili halikuanzia kwetu, na wala si la mabenki madogo tu. Marekani, mwaka 2017, benki kubwa ya Wells Fargo ilikiri kwamba wateja wapatao 570,000 waliokopa kwa ajili ya magari huenda walitozwa bima wasiyoihitaji, wengi wao wakiwa tayari wana bima zao. Wapo walioshindwa kubeba mzigo huo wa ziada, na ilikadiriwa kwamba magari yanayofika 20,000 huenda yalikamatwa kimakosa. Mwaka uliofuata wasimamizi wa mabenki wakaitoza benki hiyo faini ya dola bilioni 1 kwa kosa hilo pamoja na kosa jingine la ada za mikopo ya nyumba. Nakueleza hayo ili uone jinsi kitu kidogo kwa mtu mmoja kinavyokuwa kikubwa kikirudiwa kwa maelfu, na jinsi ada ndogo inavyoweza kumnyang'anya mtu mali yake.

Lakini katika nyumba, Wamarekani hao wana kanuni ambayo naipenda, iliyoanza kutumika Januari 2014. Anayesimamia mkopo wa nyumba hawezi kumtoza mkopaji bima ya kumkatia kabla hajamwandikia taarifa angalau siku 45 mapema, kisha akamkumbusha tena. Na mkopaji akileta uthibitisho kwamba alikuwa na bima, ndani ya siku 15 bima ile ifutwe, na ada ya kipindi kilichopandana irudishwe. Hakuna njoo kesho.

Kwa hiyo nina ombi kwa mabenki yanayofanya kazi Tunduma, Vwawa na Mbeya. Kabla ya kukata ada ya bima ya jengo, mtumieni mteja ujumbe wa simu: bima yako inaisha tarehe fulani, ukiwa na mpya ilete. Ujumbe mmoja tu. Mnatukumbusha marejesho siku tatu kabla, hamshindwi kutukumbusha bima mwezi mmoja kabla. Bima halali zimesajiliwa TIRA, hakikini namba ya mteja kabla ya kumkata. Na mkikosea, rudisheni ada pamoja na riba yake bila kumzungusha mtu aliyetoka Msangano kwa nauli yake, akaacha kazi shambani. Ningependa Benki Kuu na TIRA wakae pamoja waweke siku maalumu za taarifa na siku maalumu za kurudisha, ziandikwe, zibandikwe ukutani katika kila tawi.

Mkulima wa hapa hakatai kulipa anachodaiwa. Nimemsikia mara nyingi akisema bora alale njaa kuliko jina lake lichafuke benki. Mtu mwenye heshima ya namna hiyo kwa deni lake anastahili mkopeshaji mwenye heshima ya namna hiyo kwa fedha yake.

Basi safari yako ijayo ya Tunduma, ukishashusha magunia, pita benki kabla ya kupanda gari la kurudi. Omba taarifa ya mkopo ya kipindi chote, zungushia kila ada ya bima, linganisha tarehe. Ukikuta nyumba moja imelipiwa mara mbili, andika barua siku hiyohiyo, uigongee mhuri, na usiiache mpaka fedha yako irudi.